Kodi Ilishuka, Mkononi Zikapungua: Kisa cha Mfanyakazi Mmoja wa Nakuru

Kisa hiki ni cha mama mmoja aliyeajiriwa na kampuni binafsi mjini Nakuru, Kenya. Jina lake, kazi yake hasa na kampuni yenyewe nimeviacha nje. Mshahara wake nao nimeuweka kwenye Sh60,000 kamili ili asitambulike na ili msomaji afuatilie hesabu kwa kalamu yake. Senti nimezizungusha. Nitamwita mhusika. Nimekichagua kwa sababu kila mwaka bajeti ikisomwa watu hukimbilia swali moja, "Wameongeza kodi au hawajaongeza?", na kwa mwajiriwa wa kawaida swali hilo halimfikishi kwenye pesa anayoiona benki mwisho wa mwezi.

USULI

Mhusika ana watoto wawili, mmoja akiwa shule ya upili ya bweni. Anapanga nyumba upande wa Lanet na anajenga taratibu kwao, upande wa Molo. Mshahara wake ni wa donge moja, hauna marupurupu ya nyumba wala ya usafiri yaliyotengwa. Ni mwanachama wa SACCO (chama cha akiba na mikopo), na tangu Januari 2024 analipia bima ya elimu ya mtoto wa pili, Sh3,000 kwa mwezi, ya miaka 12. Malipo hayo hutoka benki moja kwa moja, hayapitii kwa mwajiri. Kumbuka hilo, litarudi.

Tuangalie kwanza sheria zilivyokuwa zikisogea. Juni 2023, kabla ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, mtu wa Sh60,000 alikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) Sh1,080, NHIF (bima ya afya ya taifa) Sh1,300 na PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Mkononi alibaki na takriban Sh47,756. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta ada ya nyumba, ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara, yaani Sh900 kwake, na mwajiri akiongeza kiasi kama hicho. Sheria hiyohiyo ilipandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, jambo ambalo halionekani kwenye hati ya mshahara lakini kondakta wa matatu hakukawia kulieleza. Mahakama Kuu iliitangaza ada ya nyumba kuwa kinyume cha katiba mwezi Novemba 2023, na Machi 2024 ikarudi kwa sheria yake yenyewe. Safari hii ilikuja na afueni ya kodi, yaani punguzo linalotolewa kwenye PAYE yenyewe, ya asilimia 15 ya kiasi unachokatwa, ambayo kwa mhusika ni Sh135.

NSSF nayo ilikuwa na mwendo wake. Sheria yake ni ya 2013, ilikwama mahakamani miaka mingi, na tangu Februari 2023 viwango vyake hupanda kila Februari. Bajeti ya Juni haina neno hapo. Februari 2024 makato ya mhusika yalifika Sh2,160.

Viwango vya PAYE vyenyewe havikuguswa kwa mtu wa kipato chake. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazobaki asilimia 30 hadi mtu afike Sh500,000. Afueni ya kila mlipakodi ni Sh2,400 kwa mwezi. Waliopandishiwa mwaka 2023, kwa ngazi za asilimia 32.5 na 35, ni wanaopita nusu milioni kwa mwezi.

YALIYOTOKEA

Juni 25, 2024 vijana waliingia Bunge. Kesho yake Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha wa 2024, na mswada ukaondolewa. Mhusika, kama wengi, alisikia habari hiyo kwa namna moja: hakuna kodi mpya mwaka huu. Hati yake ya Julai ilimhakikishia. Mkononi Sh46,235, sawa na mwezi uliotangulia.

Agosti akaenda SACCO kukopa pesa za kuezeka nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo kwa Sh60,000 lazima abaki na Sh20,000. Walipiga hesabu kwa hati ya Julai. Marejesho ya Sh21,000, na hisa za kila mwezi Sh3,000, jumla Sh24,000. Anabaki na Sh22,235. Nafasi ya Sh2,235 juu ya theluthi ilionekana inatosha. Mkopo ukatoka na mabati yakapanda.

Oktoba 1, 2024 NHIF iliondoka na SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ikaingia, asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo cha juu. Kwake ni Sh1,650 badala ya Sh1,300. Zaidi ya hapo, ile afueni ndogo ya Sh195 iliyokuwa ikitokana na NHIF ilitoweka nayo. Mkononi akashuka hadi Sh45,690. Alinung'unika, akaendelea.

Kisha kikaja kitu ambacho hakuna aliyemweleza. Desemba 11, 2024, wakati watu wanawaza Krismasi, Rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, na ikaanza kazi Desemba 27. Ndani yake kulikuwa na badiliko la mpangilio tu: SHIF na ada ya nyumba zitolewe kwanza kwenye mshahara, ndipo PAYE ipigwe kwa kinachobaki. Afueni ya ada ya nyumba ikafutwa kwa kuwa haihitajiki tena. Mbali na hilo, kiwango cha akiba ya uzeeni kisichotozwa kodi kilipanda kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi.

Kwa mhusika badiliko hilo lilikuwa la kumfaa. Zile Sh2,550 za SHIF na ada ya nyumba zilikuwa zikitozwa asilimia 30 wakati hata hazimfikii mkononi. Zikiachwa nje ya kodi anaokoa Sh765. Ukitoa afueni ya Sh135 iliyofutwa, faida halisi ni Sh630 kwa mwezi. Januari 2025 alistahili kupata Sh46,320, kiasi kilichopita hata kile cha Julai.

Alipata Sh45,690, palepale pa Novemba.

Februari NSSF ikapanda tena. Kikomo cha mshahara unaokatwa NSSF kilisogea hadi Sh72,000, hivyo mshahara wake wote ukaingia kwenye asilimia 6: Sh3,600. Hati yake ya mwezi huo ninayo mbele yangu, na naiweka hapa mistari yake kwa sababu ndiyo moyo wa kisa.

Kama ilivyotoka:
Mshahara: 60,000
NSSF: 3,600
SHIF: 1,650
Ada ya nyumba: 900
Mapato yanayotozwa kodi: 56,400
PAYE baada ya afueni: 9,168
Mkononi kabla ya SACCO: 44,682

Kama ilivyostahili:
Mshahara: 60,000
NSSF: 3,600
SHIF: 1,650
Ada ya nyumba: 900
Mapato yanayotozwa kodi: 53,850
PAYE baada ya afueni: 8,538
Mkononi kabla ya SACCO: 45,312

Mistari minne ya kwanza inafanana kabisa. Mtu anayekagua hati kwa kuangalia kama makato "ni yale ya sheria" ataona kila kitu kiko sawa. Kosa limejificha kwenye mstari wa tano, ambao watu wengi huuruka kwa sababu si pesa inayotoka wala inayoingia.

Baada ya SACCO alibaki na Sh20,682. Karo ya muhula wa pili ilipokaribia aliomba mkopo wa kujazia, wakamwonyesha theluthi yake. Nafasi ilikuwa Sh682. Akakopa kwa simu. Riba ya mikopo hiyo sitaijadili hapa, aliyewahi kuionja anaijua.

Mwezi wa Juni 2025 alikuja kwangu kujaza ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ya 2024. Miaka yote alikuwa akiingia saiba yoyote siku ya mwisho, foleni ikiwa nje, kijana anapachika tarakimu za P9 (karatasi ya mwajiri yenye mshahara na kodi ya mwaka mzima) na kubonyeza tuma. Angalau hakuwahi kujaziwa ritani ya sufuri, ile inayosema hukupata mapato. Nimewaona walioajiriwa wakijaziwa sufuri, kisha wanashangaa KRA, mamlaka ya mapato, ikiwauliza mshahara uliotangazwa na mwajiri ulikwenda wapi.

Wakati tunasubiri mtandao ufunguke nilimwomba hati yake ya karibuni. Nikauona ule mstari wa tano.

MAAMUZI NA SABABU ZAKE

Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Kumbe wamekuwa wakikula pesa zetu." Alitaka kwenda ofisini asubuhi ile. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokwenda, kwanza tujue pesa iko wapi. PAYE iliyozidi inaweza kuwa imepelekwa KRA au imebaki kwa mwajiri, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Moja ni uzembe wa hesabu. Lingine ni jinai. Hati zilionyesha programu ya mishahara ikipiga kodi kwa utaratibu wa kale, pamoja na ile afueni ya Sh135 iliyokwisha kufutwa. Mwizi hangejisumbua kukupa afueni ambayo hustahili. Tukakubaliana kuzungumza na mhasibu kama mtu aliyekosea.

Alimwendea kwa mdomo kwanza. Jibu: "Madam, hiyo ni sistimu inakata yenyewe. Sisi hatugusi." Jibu hili nimelisikia katika ofisi nyingi hapa Nakuru na huwa lina ukweli nusu. Programu ilikuwa ya zamani, leseni ya masasisho ilikuwa imekwisha, na mhasibu alikuwa akibadilisha kwa mkono viwango anavyovisikia. NSSF aliisikia kwa sababu ilipigiwa kelele. SHIF pia. Badiliko la Desemba halikuwa kiwango kipya, lilikuwa mpangilio wa kukokotoa, na mahali pa kubadilisha mpangilio hapakuwepo kwenye skrini yake.

Uamuzi wa pili: aandike barua, fupi, isiyo na lawama, yenye hesabu. Sababu ni mbili. Mwajiriwa anayedai kwa mdomo huonekana msumbufu, ilhali barua lazima ifunguliwe faili. Pia, mhasibu akipewa hesabu iliyokamilika hana haja ya kukiri kwamba hakuijua sheria, anahitaji tu kuilinganisha. Kiini cha barua kilikuwa hiki: "Katika hati yangu ya Mei, mapato yanayotozwa kodi ni Sh56,400. Kwa sheria iliyoanza Desemba 27, 2024, SHIF Sh1,650 na ada ya nyumba Sh900 hutolewa kabla ya kodi, hivyo yawe Sh53,850 na PAYE iwe Sh8,538. Naomba ofisi iangalie." Akaambatisha ukurasa mmoja wa hesabu. Nakala akampelekea afisa wa wafanyakazi.

Uamuzi wa tatu ulihusu ile bima ya elimu. Sheria inatoa afueni ya asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha au ya elimu, isizidi Sh5,000 kwa mwezi, na bima ya elimu iwe ya miaka isiyopungua 10. Yake ni ya miaka 12, kwa hiyo Sh450 kila mwezi zilikuwa zake tangu Januari 2024. Mwajiri hakuwa na habari kwa sababu malipo yanatoka benki. Kwa mwaka 2024 tuliiweka moja kwa moja kwenye ritani. iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani, inataka jina la kampuni ya bima, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuiva, kiasi cha bima na malipo ya mwaka. Ukikosa kimoja hupiti. Alipiga simu kwa wakala wake wa bima, cheti kikaja kwa barua pepe alasiri, na ritani ikaonyesha amezidisha Sh5,400.

Hapo wengi hukomea. Ritani inayoonyesha umezidisha haileti pesa yenyewe. Lazima uombe kurejeshewa, maombi tofauti katika iTax, na uambatishe P9 na cheti cha bima. Sheria inakupa miaka mitano tangu siku kodi ilipolipwa. Tuliomba siku hiyohiyo.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kutofanya kitu. Jirani yake kazini alikuwa amemwambia kwamba riba ya mkopo wa nyumba hupunguza kodi, na kwamba bajeti ya mwaka huo imeongeza hata mikopo ya kujenga. Ni kweli kikomo kilipandishwa Desemba 2024 kutoka Sh300,000 hadi Sh360,000 kwa mwaka, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikaongeza ujenzi. Lakini nyumba inayozungumzwa ni ile unayoishi mwenyewe. Yeye anaishi Lanet kwa kupanga, ya Molo ina mabati na haina milango. Kuidai ingekuwa kujitafutia ukaguzi. Hakufurahi. Tukaiacha.

KILICHOBADILIKA JULAI

Bajeti ya 2025/26 ilisomwa Juni 12, 2025 na Waziri wa Fedha John Mbadi, ya takriban Sh4.29 trilioni. Sheria ya Fedha ilitiwa saini Juni 26 na kuanza Julai 1. Ngazi za PAYE ziliachwa kama zilivyo, na magazeti yakasema hakuna kodi mpya kwa mshahara. Kwa mhusika kilichokuwa cha maana ni kifungu kisichopigiwa debe: mwajiri sasa anawajibika kisheria kutumia afueni, makato na misamaha yote anayostahili mfanyakazi wakati wa kukokotoa PAYE. Kabla ya hapo mwajiri angeweza kukuambia ukadai mwenyewe kwenye ritani.

Barua ilikuwa imekaa wiki kadhaa bila jibu. Julai ilipoanza, mhusika alipeleka ya pili, mistari mitatu tu, ikitaja wajibu huo mpya na kuambatisha cheti cha bima. Safari hii aliitwa ofisini. Mhasibu alikuwa na karatasi yake ya hesabu mkononi, pembeni ameandika tiki kwa kalamu nyekundu. "Madam, hii yako imetoka sawa," alimwambia. "Lakini ni ya watu wote, si wewe pekee."

MATOKEO

Hati ya Julai 2025 ilitoka ikiwa sahihi, na Sh450 za bima ndani yake: mkononi Sh45,762, baada ya SACCO Sh21,762. Wafanyakazi wenzake wote walirekebishiwa mwezi huohuo.

Miezi ya Januari hadi Juni haikurekebishwa na mwajiri. Mhasibu angeweza kusahihisha taarifa zake za PAYE za miezi sita, kwa kila mfanyakazi, na alikataa kwa kusema kazi ni nyingi. Kwa maoni yangu hilo halikuwa sawa: aliyekosea ndiye aliyetakiwa kubeba mzigo. Lakini kulikuwa na njia nyingine na mhusika aliifuata. Mwanzoni mwa 2026 alipopata P9 yake ya 2025, PAYE iliyokatwa mwaka mzima ilikuwa Sh103,972. Iliyostahili ilikuwa Sh97,492. Tofauti ni Sh6,480, yaani Sh3,780 za kosa la programu na Sh2,700 za bima kwa miezi sita ya kwanza. Alijaza ritani mapema, kabla ya msongamano wa Juni, na kuomba kurejeshewa.

Zile Sh5,400 za 2024 zilikwisha kuingia benki. Zote zilikwenda kwenye mkopo wa simu.

Wenzake? Kila mmoja ana pesa yake ya miezi sita imelala. Kwa ninavyojua, aliyefuatilia hadi mwisho ni yeye tu.

UCHAMBUZI

Nianze na pale ninapoona funzo kubwa zaidi, nalo halihusu programu ya mishahara. Kati ya Julai 2024 na Februari 2025 mshahara wa mkononi wa mhusika ulishuka kwa Sh1,553. Yeye na ofisi nzima waliita jambo hilo "kodi". Hebu tulichambue. Sh630 zilikuwa kosa la mwajiri. Sh923 zilikuwa za sheria, na ukizifungua hizo unakuta NSSF imeongezeka Sh1,440, kadi ya afya imeongezeka Sh350, na PAYE ilistahili kushuka kwa Sh867. Naam, kushuka. Kwa hiyo msemaji wa serikali aliyesema kodi ya mshahara imepunguzwa hakudanganya. Na mama aliyesema mfuko umetoboka hakudanganya pia.

Mtu akishajua mgawanyo huo anajua pa kupeleka kila shilingi. Zile Sh1,440 za NSSF ni zake za uzeeni, na mwajiri analazimika kuongeza Sh1,440 nyingine juu yake. Zinauma leo lakini hazijapotea. Zile Sh350 za SHIF ni za kulalamikia kwa mbunge. Zile Sh630 ni za kumwandikia mhasibu. Mtu anayezichanganya zote na kuziita kodi hulalamika redioni juu ya pesa ambayo ingerudi kwa barua ya ukurasa mmoja.

Jambo la pili ni kalenda. Bajeti husomwa Juni na macho yote huwa huko. Katika kisa hiki mabadiliko yaliyougusa mshahara yalikuja Oktoba (SHIF), Desemba (mpangilio wa kodi) na Februari (NSSF). Mswada ulioanguka Juni 2024 ulimfanya mhusika apumue, akaingia kwenye mkopo kwa kuamini kwamba mwaka umefungwa. SHIF ilikuwa imeshakuwa sheria tangu 2023 na ratiba ya NSSF ilikuwa wazi. Afisa wa mikopo angeweza kumwambia: Februari hii NSSF yako itaongezeka, tuache nafasi. Hakumwambia, na sheria haimlazimu. Theluthi inapimwa kwa hati ya leo, na kwa kipindi kama hiki naiona kuwa kipimo dhaifu. Mkopaji aipime kwa hati ya Februari ijayo.

Je, kosa la Sh630 ndilo lililomnyima mkopo wa karo? Hapana, na ni haki kusema hivyo. Hesabu ikiwa sahihi nafasi yake ingekuwa Sh1,312 badala ya Sh682. SACCO wasingempa kitu cha maana kwa vyovyote. Alikuwa amekopa hadi ukingoni kabla kosa halijatokea. Mwajiri anabeba lawama ya Sh3,780, habebi ya mkopo wa simu.

Kilichofanya kazi vizuri ni barua yenye tarakimu. Nimewaona wafanyakazi wakienda kwa mwajiri na habari waliyoisikia kwenye WhatsApp, wakirudi mikono mitupu, kwa sababu mhasibu hawezi kuingiza uvumi kwenye programu. Mhusika alipeleka mstari mmoja uliokosewa, namba iliyopo, namba inayostahili na tarehe ya sheria. Hata hivyo barua ya kwanza haikujibiwa. Iliyojibiwa ni ile iliyokuja baada ya Julai 1, wajibu ukiwa umehamia rasmi kwa mwajiri. Hapo sioni haja ya kusifu ushawishi wa barua kupita kiasi. Sheria ilisaidia.

Kilichoshindwa ni mambo mengine mawili. Afueni ya bima ilikaa mwaka mzima na nusu bila kudaiwa, na hiyo haikuhitaji sheria yoyote mpya, ilikuwepo siku zote. Wakala aliyemuuzia bima alimweleza habari ya karo ya chuo, faida na bonasi, hakumweleza habari ya cheti cha kupeleka kazini. Na ofisi ilikosa mtu wa kusoma sheria za kodi zinazopita nje ya msimu wa bajeti. Kwa kampuni ndogo hilo halihitaji kuajiri mshauri. Linahitaji mtu mmoja achukue mshahara mmoja wa mfano, aupige kwa mkono kila sheria mpya inapoanza, na alinganishe na kile programu inachotoa. Kazi ya nusu saa.

Anayetaka kuikagua hati yake mwenyewe afanye hivi: chukua mshahara wote, toa NSSF, toa SHIF, toa ada ya nyumba, na toa mchango wa pensheni ya kazini kama upo. Kinachobaki kiwe sawa na mstari unaosema mapato yanayotozwa kodi. Usipofanana, usiendelee kwenye PAYE, simama hapo uulize.

Januari 2026 mhusika alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Kazini walikuwa wakisambaza ujumbe kwamba NSSF inapanda hadi Sh6,480 mwezi unaofuata. Ni kweli kikomo kilikuwa kinasogea kutoka Sh72,000 hadi Sh108,000, na kwa anayefika huko makato ni hizo Sh6,480. Yeye hafiki. Mshahara wake ulikwisha kuingia wote kwenye asilimia 6 mwaka uliotangulia, kwa hiyo ni mgawanyo wa ndani tu uliobadilika: Sh540 kwenye daraja la kwanza na Sh3,060 kwenye la pili. Jumla ni Sh3,600 zilezile. Hati ya Februari ilipotoka alinitumia picha yake bila neno lolote. Mkononi Sh45,762.